Konyeza, Mtoto na Kidonda Kinachotunga Usaha

Kwetu sisi tunaofundisha Kiswahili mbali na bahari, konyeza ni neno la kamusi tu. Wapo wanaomwita kiwavi, na mwanafunzi wa bara akisikia hivyo hufikiria mdudu wa shambani (si ajabu, wote wawili huwasha). Lakini anayekwenda Mombasa au Unguja na watoto wadogo yafaa ajue zaidi ya jina.

Minyiri ya konyeza ina vijifuko vidogo mno vya sumu ambavyo hufyatuka vikigusa ngozi. Mtoto huhisi kuungua, na ngozi huvimba kwa mistari, pengine na malengelenge. Osha kwa maji ya bahari bila kusugua mchanga, ondoa mabaki ya minyiri kwa kibano, kisha tumia maji ya moto yanayovumilika kwa dakika 20 hivi, mtu mzima akiyajaribu kwanza. Mkojo hausaidii. Akihema kwa shida, akitapika mfululizo au akilegea, apelekwe hospitali mara moja.

Tatizo linalosahaulika huja baadaye. Mtoto hujikuna, ngozi huchubuka, na bakteria, aghalabu stafilokokasi na streptokokasi, hupata mlango. Maumivu ya sumu huwa makali mwanzoni kisha hupungua. Ya maambukizi huenda kinyume, yakazidi baada ya siku mbili tatu.

Hapa pana jambo linalotuhusu walimu wa tafsiri. Maelezo ya afya yaliyotafsiriwa humwambia mzazi atazame “wekundu”. Kisarufi hakuna kosa, lakini kwenye ngozi nyeusi wekundu huenda usionekane kabisa, na mzazi akangoja. Kwa maoni yangu, afadhali aambiwe aguse: je, pana joto kuliko ngozi ya jirani, pamekuwa pagumu, panang’aa au pamezidi weusi? Usaha, homa, mtoki, au uvimbe unaotambaa ni dalili za kumwona daktari siku hiyohiyo.

Upele unaorudi baada ya wiki moja au mbili, unaowasha bila usaha wala homa, mara nyingi ni mzio, na antibiotiki haziutibu.

Kata kucha za mtoto, osha kidonda kwa sabuni na maji safi, kifunike, na uhakikishe chanjo ya pepopunda imekamilika. Ukifika kwa daktari, taja kwamba mtoto alikuwa baharini, kwa kuwa baadhi ya bakteria wa maji ya chumvi huhitaji dawa tofauti.