Shoga, mhafidhina, na hataki kuwekwa kwenye kikapu chochote

Msomaji wangu, fikiria msee wa aina hii. Ni shoga na hafichi. Ni Mkatoliki. Kisiasa ni mhafidhina, wa wale waliompenda Margaret Thatcher kupindukia. Aliunga mkono vita vya Iraq vilipoanza 2003, baadaye akageuka akavipinga vikali. Mwaka wa 2008 akampigia debe Barack Obama, ambaye huku tunamwita wetu. Haya, mweke kwenye kikapu kimoja. Umeshindwa? Usijali, Wamarekani wenyewe wamejaribu kwa zaidi ya miaka 30 na bado wanakuna vichwa.

Jina lake ni Andrew Sullivan. Alizaliwa Uingereza 1963, akasoma Oxford, kisha akavuka kwenda Harvard mwaka wa 1984. Alipofika miaka 28 tayari alikuwa mhariri wa The New Republic, jarida zito la siasa kule Washington. Na kama wewe ni bloga kama mimi, ujue huyu ni kama babu yetu: blogu yake, The Daily Dish, ilianza 2000, wakati wengi wetu tulikuwa bado tunanyonya.

Mbona nakuletea habari zake? Kwa sababu anagusa maswali matatu ambayo mimi na wewe tunayabishania kila wikendi. Mwanaume ni nani? Je, kabila, dini au jinsia yako ndiyo wewe? Na mtu anaweza kusimama peke yake?

Tuanze na ile iliyompa jina. Agosti 1989, kwenye jarida hilo hilo, aliandika makala ya kutetea ndoa za wapenzi wa jinsia moja. Wakati huo hakuna nchi yoyote duniani iliyokuwa imeziruhusu. Kilichoshangaza watu ni hoja aliyotumia. Hakusema ndoa ni mfumo mbovu unaopaswa kubomolewa. Alisema ndoa ni kitu kizuri, inamtuliza mtu, inamfundisha kuwajibika, kwa hivyo mhafidhina wa kweli angetaka watu wengi zaidi waingie humo. Wahafidhina wengi walimkataa kwa sababu ni shoga. Wanaharakati wengi mashoga nao wakamwona msaliti, kwa sababu wao hawakutaka kufanana na majirani zao wanaoishi maisha ya kawaida. Alipigwa mawe kutoka pande zote mbili. Mwaka wa 2015 Mahakama ya Juu ya Marekani iliruhusu ndoa hizo nchi nzima.

Sasa uanaume. Sullivan aligundua 1993 kwamba ana virusi vya Ukimwi. Ugonjwa ulipunguza homoni yake ya testosterone, na daktari akamwandikia sindano za kuirudisha. Mwaka wa 2000 aliandika makala ndefu kuhusu kilichomtokea: nguvu zilipanda, hamu ikapanda, ujasiri ukapanda, na siku moja karibu azichape na mtu asiyemjua kwa sababu ya mbwa wake. Kutoka hapo akasema wazi kwamba tofauti nyingi kati ya wanaume na wanawake zina mizizi mwilini, na kwamba kumwambia kijana aone haya kwa sababu ya uanaume wake ni kumwonea bure. Kwake, moto huo hauzimwi, unaelekezwa. Kazi, imani na ndoa ndizo jiko la kuuweka.

Unasikia kama unamjua mtu anayebonga hivyo? Kwenye simu yako kuna walimu wa uanaume tele, na hoja ya kwamba mtoto wa kiume amesahauliwa umeisikia hadi masikio yamechoka. Lakini hapa ndipo mambo yanakuwa matamu. Mtu huyu anayetetea uanaume kwa nguvu hivyo, katika mabaraza mengi ya uanaume mtaani kwetu, hata kiti hangepewa. Yeye anajiita mwanaume kwanza, na kumpenda mwanaume mwenzake hakumpunguzii chochote. Ukikubali kwamba uanaume uko kwenye damu na mifupa, basi itabidi ukubali na yeye anao. Ukimkataa, inaonekana ulikuwa unazungumzia uanachama wa klabu fulani.

Tatu, siasa za utambulisho. Hapo Sullivan hacheki. Anasema tumefika mahali mtu akifungua mdomo, watu hawasikilizi anasema nini, wanaangalia tu anatoka kundi gani. Mwaka wa 2018 aliandika kwamba mtindo huo ulianzia vyuoni na sasa umejaa ofisini na kwenye vyombo vya habari. Mwaka wa 2020 aliachana na jarida la New York akaanza kujiandikia mwenyewe, akilipwa na wasomaji wake moja kwa moja. Imani yake ni kwamba mtu ni mtu kabla hajawa mweusi, mweupe, shoga au mwanamke.

Mimi napenda hilo wazo, sikufichi. Niliacha chuo mwaka wa pili, na tangu hapo nimeitwa "yule aliyeacha chuo" mara nyingi kuliko nilivyoitwa kwa jina langu. Na hapa Kenya ukitaja tu jina la babako, msee mwingine tayari ameshajua utapigia nani kura. Hajakuuliza. Amekusomea kwenye kitambulisho.

Lakini usimmeze mzimamzima. Kuna mambo mawili ya kumbana nayo.

La kwanza: Oktoba 1994, akiwa mhariri, alichapisha sehemu ya hoja za kitabu The Bell Curve, kilichodai kuna tofauti za akili kati ya weusi na weupe. Wafanyakazi wake walikasirika, na toleo hilo hilo likabeba majibu mengi ya kupinga. Yeye ameendelea kutetea uamuzi huo kama uhuru wa mjadala. Sawa, mjadala ni mjadala. Lakini kama kila mtu apimwe peke yake, mbona jarida lako liwapime watu weusi kwa mafungu?

La pili ni zito zaidi, na linatuhusu. Kuanzia 1987 Marekani ilizuia wageni wenye virusi vya Ukimwi kuingia nchini na kupata ukaaji wa kudumu. Kwa hivyo Sullivan, pamoja na akili zake zote, aliishi miaka mingi akiwa mgeni tu, bila uhakika. Nani alimfungulia mlango? Mwaka wa 2008 Rais George W. Bush alitia sahihi sheria ya kuongeza muda wa PEPFAR, mpango ule ule uliolipia dawa za ARV kwa Wakenya wengi sana, na ndani yake kikaondolewa kifungu cha marufuku hiyo. Obama akamalizia kazi, na Januari 2010 marufuku ikaisha. Sullivan akawa raia 2016.

Na dawa zilizomweka hai? Nyuma yake kulikuwa na wanasayansi, lakini pia kundi la ACT UP, lililoundwa New York 1987. Oktoba 1988 walizingira makao makuu ya shirika la kuidhinisha dawa, wakidai dawa zisicheleweshwe huku watu wakifa. Walijitambulisha kama kundi, wakapiga kelele kama kundi. Hiyo ilikuwa siasa ya utambulisho mchana peupe, na iliokoa maisha.

Cheki hata lugha yetu. Kiswahili kikitaja "ubinafsi" kinatukana. Wahenga walituambia mtu ni watu, na kidole kimoja hakivunji chawa. Sullivan angetoka jasho kuwashawishi wahenga.

Kwa maoni yangu, kundi ni kama mwavuli. Mvua ikinyesha unaingia chini na wenzako, na huoni aibu. Shida ni yule anayekulazimisha utembee nao hata jua likiwaka, kisha anakuambia utazame upande gani. Huku kwetu mvua ya wapenzi wa jinsia moja bado inanyesha: Mei 2019 Mahakama Kuu ilikataa kufuta vifungu vya sheria vinavyowatia hatiani. Kumwambia mtu kama huyo asitafute wenzake, ajitegemee tu, ni rahisi ukiwa umeketi sebuleni.

Basi wikendi hii, mjadala ukichacha kwenye kundi lenu la WhatsApp, fanya hivi: kabla hujauliza msee ni wa wapi, soma alichoandika mpaka mwisho. Halafu mjibu hilo.