Kugawana Siri baina ya Tarakilishi Zisizoaminiana

Wahenga walinena kuwa kidole kimoja hakivunji chawa. Kwa kawaida methali hii huhimiza ushirikiano wa watu wanaoaminiana. Katika taaluma ya usimbaji wa taarifa, hata hivyo, upo ushirikiano unaofaa hata pale ambapo hakuna amwaminiye mwenziwe.

Chukulia benki inayothibitisha hati zake kwa ufunguo wa siri, ambao kwa hakika ni namba. Ufunguo huo ukiwekwa katika tarakilishi moja, mwizi akiiteka ataweza kutia sahihi kwa jina la benki. Tarakilishi ikiharibika, ufunguo umepotea. Nakala zikiongezwa, milango ya mwizi nayo huongezeka.

Mwaka wa 1979, Adi Shamir na George Blakley, kila mmoja kwa njia yake, walipendekeza siri igawanywe. Katika njia ya Shamir, siri ikiwa 7, huchaguliwa namba nyingine ya kubahatisha, mathalani 3. Tarakilishi ya kwanza hupewa 10, ya pili 13, ya tatu 16. Zozote mbili zikikutana, hutambua kuwa hatua ni 3, hurudi nyuma na kuipata 7. Yenye 10 pekee haijui lolote, kwa kuwa hatua yaweza kuwa yoyote.

Tatizo ni kwamba siri ikishaunganishwa, huwa tena mahali pamoja. Mwaka wa 1989, Yvo Desmedt na Yair Frankel walieleza mifumo ambamo kundi hutenda kazi ya ufunguo bila kuuunganisha kamwe. Wazo lenyewe hudhihirika katika kanuni ya vipeo. Kipeo cha siri kikiwa 7, kigawanywe kuwa 4 na 3. Ujumbe ukiwa 2, tarakilishi moja hutoa 16, nyingine 8. Zao lake ni 128, yaani 2 kwa kipeo cha 7. Hakuna iliyoitajia nyingine kipeo chake. Katika matumizi halisi namba huwa na mamia ya tarakimu, na kinachotolewa ni baki baada ya kugawanya, hivyo kipeo hakikisiki.

Je, mojawapo ikidanganya? Sahihi hupimwa kwa ufunguo wa wazi, na isiyo halali hukataliwa. Mwaka wa 2000, Victor Shoup alionyesha namna kila tarakilishi inavyoweza kuthibitisha kuwa imetenda kwa haki, bila kufichua sehemu yake ya siri.

Basi mwizi aliyeiteka tarakilishi moja amepata kidole kimoja tu, na chawa havunjiki.