Maduka ya Barabara ya Kampala Yalivyofungwa Mwaka 1972

Hadi katikati ya mwaka 1972, maduka mengi ya Barabara ya Kampala, kuanzia ya vitambaa na viatu hadi ya dawa na vipuri vya magari, yalikuwa mikononi mwa familia za Waasia. Miezi michache baadaye karibu yote yalikuwa yamefungwa au yana wenyewe wapya. Si hasara iliyoyafunga, wala ushindani wa soko. Ni amri ya serikali.

Biashara hizo zilikuwa za miaka mingi. Allidina Visram, tajiri aliyeanzia Bagamoyo na Zanzibar, alikuwa na duka Kampala kabla reli haijafika mjini humo mwaka 1931. Wengine walimfuata, wakanunua pamba kwa wakulima na kuwauzia nguo, chumvi na majembe. Utawala wa kikoloni uliwaachia Waasia nafasi hiyo ya kati, huku Mwafrika akihangaika kupata mtaji. Manung'uniko yaliyotokea yalikuwa na msingi. Mwaka 1959 chama cha Uganda National Movement, kikiongozwa na Augustine Kamya, kiliwataka watu wa Buganda wasusie maduka ya wasio Waafrika. Mwaka 1969 serikali ya Milton Obote ikapitisha sheria ya leseni iliyowabana wafanyabiashara wasio raia.

Tarehe 4 Agosti 1972 Rais Idi Amin, akiwa Tororo mbele ya wanajeshi, alitangaza kwamba Waasia wenye pasipoti za Uingereza waondoke. Walipewa siku 90, mwisho ukiwa tarehe 8 Novemba. Baadaye amri iliwagusa pia wenye uraia wa India, Pakistan na Bangladesh, na hata raia wa Uganda walinyang'anywa uraia wakati wa uhakiki wa karatasi. Familia iliruhusiwa kutoka na takriban pauni 50. Watu wapatao 27,000 walipokelewa Uingereza. Wengine walikwenda Kanada, India na kwingineko. Waliacha funguo, bidhaa rafuni na madaftari ya madeni.

Kamati za serikali, zenye maofisa wa jeshi ndani yake, ziligawa biashara hizo. Waliojaliwa kupata, wengi wao wanajeshi na watu wao wa karibu, waliitwa mafuta mingi. Inasimuliwa kwamba baadhi yao waliuza mashati kwa bei iliyolingana na namba ya ukosi, wakidhani ndiyo bei yenyewe. Huenda simulizi hiyo imetiwa chumvi, na si haki kuwaona wote kuwa wajinga, kwani ugumu ulikuwa mahali pengine. Duka huishi kwa bidhaa zinazoingia baada ya zile za kwanza kwisha. Mwenye duka wa zamani alimjua muuzaji wa jumla wa Mombasa au Bombay, akaletewa mzigo kwa mali kauli kwa sababu jina lake liliaminika, na alijua mapema msimu wa pamba ungeleta wateja lini. Uaminifu huo haukuweza kugawiwa na kamati. Shehena ya kwanza ilipokwisha, mwenye duka mpya alihitaji fedha za kigeni, nazo zilizidi kuadimika. Sukari, sabuni na chumvi vikahamia kwenye magendo, na mwaka 1975 serikali ikaunda mahakama maalumu ya makosa ya kiuchumi. Aliyeumia zaidi ni mnunuzi wa kawaida, yuleyule aliyeahidiwa kwamba uchumi sasa ni wake.

Mali zilizoachwa ziliwekwa chini ya Bodi ya Wadhamini wa Mali za Waasia Walioondoka. Mwaka 1982 Bunge lilipitisha Sheria ya Mali Zilizotaifishwa, iliyobatilisha ugawaji wa wakati wa Amin na kumpa Waziri wa Fedha mamlaka ya kuwarudishia wenyewe. Utekelezaji ulishika kasi baada ya Yoweri Museveni kuingia madarakani mwaka 1986, na katika miaka ya 1990 familia nyingi zilipata tena hati zao. Wengi hawakurudi kusimama nyuma ya kaunta: waliuza jengo au waliweka wapangaji, wakabaki London au Toronto walikokwisha kulea watoto. Sheria ilirudisha kuta; biashara yenyewe haikurudi.

Mwaka 2019 kamati ya Bunge la Uganda ilikuwa bado inachunguza jinsi Bodi hiyo ilivyosimamia na kugawa majengo hayo.