UZI: Mheshimiwa akisema "dawa zipo", mwulize ni za nani

1/ Kila mjadala wa afya lazima mtu aseme: "Dawa zipo, stoo zimejaa." Mwingine anajibu: "Hakuna kitu!" Na wote wawili wanaweza kuwa wanasema kweli. Tembe za watu wazima zinaweza kujaa rafu na bado mtoto wa miaka 2 akakosa dawa. Twende pole pole.

2/ Mtoto mdogo hamezi tembe. Kwa miaka mingi mzazi alipewa tembe ya mtu mzima, akaambiwa aikate au aisage. Nyingine inamwagika, kipimo kinakuwa cha kubahatisha. Halafu ni chungu, mtoto anaitema. Sasa piga hesabu: matibabu ya kifua kikuu huchukua hadi miezi 6.

3/ Kwa watoto wenye HIV kulikuwa na dawa ya maji ya lopinavir na ritonavir. Chungu kupindukia, karibu asilimia 42 yake ni alkoholi, na ilihitaji friji. Mama hana stima, unamwambia "dawa ipo"?

4/ Uchungu unafichwaje? Si kuongeza sukari tu. Ulimi huonja kile kilichoyeyuka kwenye mate. Kwa hivyo punje za dawa huvikwa utando mwembamba usioyeyuka mdomoni. Utando unafunguka tumboni, ulimi haujui kitu.

5/ Utando huo ukitengenezwa kupitisha dawa kidogo kidogo, inafanya kazi kwa saa nyingi. Badala ya mara 3 kwa siku, mtoto anaweza kupewa mara 1 au 2, na mwalimu hasumbuliwi. Kwa watoto hufanywa punje ndogo kama ulezi, zinanyunyizwa kwenye chakula laini.

Tahadhari: dawa ya aina hii usiisage. Ukivunja utando, dawa ya siku nzima inatoka kwa mpigo. Uliza mfamasia kwanza.

6/ "Ah, hayo ni mambo ya Ulaya." Wapi! Mwaka wa 2016 Kenya ilikuwa nchi ya kwanza duniani kusambaza kote nchini dawa za kifua kikuu za watoto zinazoyeyuka kwa maji, zenye ladha ya matunda. Na mwaka wa 2020 yalifikiwa makubaliano ya kuuza dolutegravir ya watoto, yenye ladha ya stroberi, kwa chini ya dola 40 kwa mtoto kwa mwaka.

7/ Mbona basi si dawa zote ziko hivi? Soko. Wagonjwa watoto ni wachache, vipimo hutegemea uzito, kampuni haioni faida. Bei hushuka wanunuzi wakiunganisha oda na kuahidi kununua. Hiyo ni bajeti, na bajeti ni siasa.

8/ Zahanati na hospitali za kaunti ziko chini ya kaunti. Sera ya afya ni ya serikali kuu. Kifungu cha 53 cha Katiba kinampa kila mtoto haki ya huduma ya afya. Kwa hivyo wakianza kurushiana lawama, waulize wote:

• Kati ya dawa mlizonunua, ngapi ni za watoto?
• Ziko zahanati ya kijijini ama zimekwama stoo?
• Mhudumu amefunzwa kumwonyesha mzazi namna ya kuzipeana?

Dawa ambayo mtoto hawezi kuimeza usiihesabu kwenye "zipo".