Wapima mvua uani, wasaidia watabiri

USIKU wa Julai 28, 1997, mafuriko yaliua watu watano mjini Fort Collins, jimbo la Colorado, Marekani. Upande wa magharibi wa mji ilinyesha mvua ya zaidi ya milimita 300, lakini sehemu nyingine ilikuwa ya wastani tu. Wakazi wengi walishtukizwa.

Kutokana na msiba huo, mwaka 1998 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Colorado State walianzisha mtandao wa wananchi wa kujitolea uitwao CoCoRaHS, ambao sasa umeenea majimbo yote 50. Kila mmoja huweka kipima mvua uani, hukisoma asubuhi na kutuma kipimo kwa intaneti. Siku kavu huandika sifuri, kwani ukame nao hufuatiliwa kwa takwimu hizo. Mvua ikizidi ghafla, hutuma taarifa papo hapo ili watabiri watoe onyo.

Wengine wana vituo vya kielektroniki vinavyopima joto, unyevu na upepo, na kupeleka takwimu vyenyewe kila baada ya dakika chache. Nchini Uingereza, Idara ya Hali ya Hewa ilifungua tovuti ya kuzipokea, WOW, mwaka 2011.

Hata hivyo, kifaa kizuri kikiwekwa vibaya hudanganya. Kipima joto kilichotundikwa ukutani penye jua husoma joto la ukuta, si la hewa. Kipima mvua kilicho chini ya mti hukosa maji. Ndiyo maana takwimu za kila kituo hulinganishwa na za majirani.

Rada hukadiria mvua ikiwa bado angani. Kipimo cha uani huonyesha iliyofika ardhini, mtaa kwa mtaa.