Tairi la Mbele Likilika Upande Mmoja

Mawese ya Walikale, maharagwe na fromaji ya Masisi, vyote vinafika sokoni kwa pickup za zamani, na sisi wenyewe tunakaa juu ya mizigo. Mashimo ya barabara yanapiga magurudumu ya mbele mpaka yanapinda. Kwa hiyo kikundi chenye gari kisikimbilie kununua tairi jipya.

Tuangalie kwanza lile la zamani. Likiwa limelika ukingo mmoja tu, au ukilipapasa lina meno kama msumeno, gurudumu halitazami mbele sawasawa.

Fundi ainue gari kwa jeki, aliegemeze vizuri, ashike gurudumu juu na chini, alitikise. Kisha kushoto na kulia. Likicheza, kuna rotuli au beringi iliyochoka. Ibadilishwe kwanza, ndipo magurudumu yanyooshwe. Kunyoosha kabla ya hapo ni kutupa pesa, maana hayatakaa.

Rotuli ikikatika kwenye mteremko wa kushuka Sake, gurudumu linalala na dereva hawezi tena kuongoza gari. Basi katika kasha la kikundi, tutenge pesa ya rotuli kabla ya pesa ya tairi.