Jello Biafra na Melvins: mwimbaji aliyeachwa na kundi lake apata kundi lingine

Mwimbaji mkongwe wa punk wa Marekani, Jello Biafra, hakunyamaza alipotengana na wenzake. Mwaka 2004 alitoa albamu pamoja na kundi lingine, Melvins, yenye jina «Never Breathe What You Can't See».

Biafra, ambaye jina lake halisi ni Eric Boucher, alijiita hivyo kwa kukumbuka eneo la Nigeria lililokumbwa na vita na njaa kati ya 1967 na 1970. Aliimba na Dead Kennedys mjini San Francisco tangu 1978, na mwaka uliofuata akagombea umeya wa mji huo na kushika nafasi ya nne.

Kundi lilivunjika mwaka 1986. Baadaye wenzake walimshtaki kuhusu malipo ya nyimbo, na mwaka 2000 wakashinda kesi. Kisha wakarudi jukwaani kwa jina la Dead Kennedys, bila yeye. Wapenzi wa muziki wa Congo wanaujua uchungu wa namna hiyo, tangu Wenge Musica igawanyike mwaka 1997.

Melvins, walioanza mwaka 1983 katika jimbo la Washington, wanajulikana kwa magitaa mazito. Kurt Cobain wa Nirvana alikuwa shabiki wao. Wao walipiga vyombo, Biafra akaleta maneno yake makali juu ya siasa.

Mwaka 2005 ilifuata albamu ya pili, «Sieg Howdy!». Humo Biafra aliugeuza wimbo wake wa 1979 uliomkejeli gavana wa California, safari hii akimlenga Arnold Schwarzenegger.